Nifanyeje nyaya za kizimba zisionekane kwenye picha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kamera yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Tundu lake la kupitishia mwanga linaanzia f/4.5, na nikivuta mpaka mwisho linakuwa f/5.6. Majuzi nilikwenda bustani ya wanyama kumpiga picha chui. Yumo ndani ya kizimba cha seng'enge, na kuna reli inayozuia watu wasisogee, kama mita moja kutoka kwenye waya. Nimepiga picha zaidi ya mia mbili, na karibu zote waya umejichora juu ya mnyama. Rafiki yangu alinishauri nitumie f/11 ili picha iwe kali. Nimejaribu na simu pia. Nakutumia tatu uzione. Tatizo ni lenzi? Ninunue nyingine, au nitafute programu ya kufuta waya?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Lenzi yako haina tatizo, wala usinunue nyingine kwa sasa. Nimezitazama picha zako tatu kwa muda mrefu. Kila moja imeharibika kwa sababu yake, na ukizielewa sababu hizo utakuwa umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nianze na ile ambayo chui amelala juu ya jukwaa la mbao. Amelala vizuri, kichwa kimekuelekea, na fokasi imekaa pale pale kwenye jicho la kushoto. Naweza kuhesabu sharubu zake. Lakini mwilini mwake mmepita mistari mipana ya kijivu inayokatana mshazari, kama mtu aliyeweka pazia la tundu tundu mbele yake. Mistari hiyo ni waya uliotoka nje ya fokasi, ila haukutoka vya kutosha. Taarifa za picha zinasema milimita 300, f/11. Hapo ndipo ushauri wa rafiki yako ulipokuponza.

Wengi wetu tunaanza tukiamini kwamba lenzi huona kwa mstari mmoja mwembamba kama uzi, kutoka kwenye kamera hadi kwa mnyama, na waya ukikaa kwenye mstari huo basi mnyama amezibwa. Sivyo. Chukua nukta moja tu kwenye jicho la chui. Nukta hiyo hutawanya mwanga, na mwanga unaokufikia huingia kwa upana wote wa tundu la lenzi. Kwa hiyo njia yake ina umbo la pia ya kuchezea (na kuanzia hapa nikisema pia ya mwanga au pia tu, ndiyo hiyo): ncha iko kwenye jicho la chui, kitako kiko kwenye lenzi yako. Waya ukikatiza pia nene, unaziba sehemu ndogo ya mwanga, na ulio mwingi unapita kandokando yake. Waya huohuo ukikatiza pia nyembamba, unaziba karibu wote.

Unene wa kitako cha pia unaupata kwa hesabu ndogo: gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f. Mia tatu ukigawanya kwa 5.6 unapata milimita 54 hivi. Ukigawanya kwa 11 unapata 27. Ukienda f/16, hazifiki hata 19. Ndiyo maana namba ya f ikipanda tundu hupungua, na tundu likipungua waya hupata nguvu.

Sasa rudi kwenye kizimba chako. Nikikadiria kwa macho, waya wake una unene wa milimita 3 hivi, na jicho la wavu lina milimita 50 hivi. Wewe ulikuwa mita 1 kutoka kwenye waya, na chui alikuwa kama mita 6 nyuma ya waya, yaani mita 7 kutoka kwako. Pia inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyomkaribia chui, kwa hiyo pale waya ulipo upana wake ni sita ya saba ya upana wa lenzi. Kwa f/5.6 hiyo ni milimita 46. Kwa f/11 ni milimita 23.

Linganisha namba hizo mbili na jicho la wavu. Pia ya milimita 46 karibu inalijaza jicho zima la wavu, kwa hiyo nukta karibu zote za mwili wa chui zinapoteza mwanga kidogo, na zinapoteza kwa kiasi kinachokaribiana. Macho yako hayaoni mistari; yanaona picha iliyofifia kidogo, na kufifia huko kunarekebishika. Pia ya milimita 23 ni nusu ya hiyo. Nukta nyingine za mwili wa chui zinapita katikati ya jicho la wavu bila kuguswa na kitu, na nyingine zinakatizwa na waya. Zile zilizopita zinang'aa, zilizokatizwa zinafifia, na hiyo tofauti ndiyo ile mistari ya kijivu. Wala hukukosea fokasi wala kutikisa mkono. Ulipunguza tundu, basi.

Usinikubalie kwa maneno matupu. Ukiwa nyumbani, weka kamera juu ya meza, vuta lenzi mpaka 300, elekeza kwenye kitu kilicho mita saba au nane, kisha simamisha penseli mbele kabisa ya kioo cha lenzi. Piga kwa f/5.6, halafu piga kwa f/22. Katika ya kwanza utaitafuta penseli usiione, utaona tu picha imepungua mwanga kidogo. Katika ya pili utaona utepe mweusi umepita katikati. Penseli ni nene kuliko waya wa kile kizimba mara mbili. Dakika tano za zoezi hilo zitakufundisha kuliko maneno yangu yote.

Neno la rafiki yako lina ukweli wake mahali pengine. Ukipiga mandhari, f/11 inakupa ukali kuanzia karibu mpaka mbali. Lakini ukali wa kuanzia karibu mpaka mbali ndio hasa usioutaka ukiwa na waya mbele yako. Unataka lenzi iwe kali kwa chui peke yake, na kila kilicho mbele yake na nyuma yake kiyeyuke. Kwa milimita 300 na f/5.6, mnyama akiwa mita 10, eneo lenye ukali lina kina cha sentimita 30 hivi. Zinatosha kwa uso wa chui kuanzia pua mpaka masikio akiwa amekuelekea. Akikaa ubavu, chagua jicho lililo karibu nawe na uache mkia upotee.

Kuna jambo la pili kwenye picha hiyohiyo ambalo huenda hukuliona. Itazame nusu ya kulia. Imepauka kuliko ya kushoto. Madoa meusi ya chui huko yamekuwa ya kijivu, kama yamepakwa vumbi. Wavu ni uleule, f ni ileile. Kilichobadilika ni jua. Upande wa kushoto kivuli cha mti kimeangukia waya. Upande wa kulia waya umepigwa na jua moja kwa moja. Waya unaong'aa hauzibi mwanga tu, unaongeza wa kwake, na mwanga huo ukitawanywa na lenzi unafunika sehemu hiyo ya picha kama moshi mwembamba. Kwa maoni yangu hili linaharibu picha nyingi kuliko unene wa waya, na wapiga picha wengi hawalipi uzito linaostahili. Waya mweusi uliopakwa rangi ni rahisi. Waya mpya wa bati unaometa ni mgumu, na ukipigwa na jua la saa nane mchana ni mgumu kupita kiasi.

Kwa hiyo ukifika kwenye kizimba, kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba, kizunguke chote unapoweza. Usitazame chui kwanza, tazama waya. Tafuta mahali ambapo upande unaokuelekea uko kivulini: chini ya mti, chini ya paa, au upande ambao jua liko ng'ambo ya ukuta. Kama hakuna, rudi saa nyingine; kivuli kilichokuwa kushoto asubuhi kitakuwa kulia jioni. Siku ya mawingu ni siku ya neema kwa kazi hii. Ukiwa umeachiwa kufika kwenye waya wenyewe, unaweza kuutia kivuli kwa kofia au kitambaa cheusi, na kipande kidogo cha kivuli kinatosha, kwa sababu lenzi inatumia sehemu ndogo tu ya wavu.

Picha ya pili ni nyingine kabisa. Chui amesimama karibu mno na waya, kama nusu mita, na wewe ukafurahi kumpata karibu, ukarudisha lenzi mpaka 70 ili aingie mzima. Hapo uliongeza matatizo mawili kwa mpigo. Milimita 70 ukigawanya kwa 4.5 unapata tundu la milimita 16 tu. Na kwa kuwa chui yuko nusu mita nyuma ya waya na mita moja na nusu kutoka kwako, pia imebaki theluthi moja ya upana huo pale inapokutana na waya: milimita 5 na kidogo. Waya wa milimita 3 unaziba zaidi ya nusu ya mwanga. Ukitazama pua ya chui kwenye picha hiyo, waya umepita juu yake kama umechorwa kwa kalamu.

Kumbuka basi kwamba kuna umbali wa aina tatu. Wa kutoka kwako hadi kwenye waya, ambao unautaka uwe mdogo. Wa kutoka kwenye waya hadi kwa mnyama, ambao unautaka uwe mkubwa. Na wa kutoka kwa mnyama hadi kwenye kilicho nyuma yake, ambao nao unautaka uwe mkubwa, maana vizimba vingi vina waya upande wa nyuma pia, na hakuna uchungu kama kuushinda waya wa mbele halafu ukakuta wa nyuma umesimama wima masikioni mwa mnyama. Watu husisitiza ule wa kwanza tu: sogea, sogea, gusa waya. Lakini umeona kwenye hesabu kwamba mita yako moja nyuma ya reli ilikugharimu sehemu moja tu kati ya saba, kwa sababu chui alikuwa mbali. Kwa picha ya kwanza reli haikuwa adui yako. Kwa picha ya pili hata lenzi ya thamani kubwa isingekusaidia sana. Ukiwa pale pale, kwa milimita 300 na f/5.6, pia ingekuwa na upana wa milimita 18 kwenye waya, na mistari ingebaki. Mnyama akija kwenye waya, shusha kamera umtazame kwa macho yako. Atarudi nyuma.

Na kwa kuwa nimeitaja reli: usiivuke, hata kama hakuna anayekuona, hata kwa sekunde kumi. Mwaka 2019, katika bustani moja ya wanyama huko Arizona, Marekani, mwanamke alivuka kizuizi ili ajipige picha karibu na jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, na jagwa akamjeruhi mkono kupitia kwenye kizimba. Alipona. Mnyama hana kosa, alifanya kama alivyoumbwa. Pale ambapo hakuna reli na mgeni anaruhusiwa kufika kwenye waya, angalia kwanza kama kuna nyaya za umeme upande wa ndani. Mara nyingi ni nyembamba, zimeshikiliwa na vishikizo vidogo vya plastiki, na hazionekani kirahisi. Usisukume pua ya lenzi ndani ya tundu bila kujua kilichoko ng'ambo. Usipitishe kidole.

Kama unafika kwenye waya kwa usalama, elekeza lenzi wima kwa wavu, yaani ikiutazama moja kwa moja kwa pembe mraba, usiilaze. Jicho la wavu ukilitazama kwa ubavu hujibana, na ukiinama nyuzi 60 kutoka wima upana wake unabaki nusu. Tena vaa lenzi kikinga cha mpira mbele. Mimi niliwahi kuegemeza lenzi isiyo na kikinga kwenye seng'enge iliyofungwa kwa ncha za waya uliokatwa, mtu akapita nyuma yangu akanigusa bega, na mpaka leo kioo kile kina mkwaruzo wa urefu wa ukucha. Haukuonekana kwenye picha za kawaida, lakini nikipiga kuelekea jua unatokea kama unywele mweupe.

Tuje kwenye fokasi, maana kati ya picha zako mia mbili naamini nyingi zimeharibikia hapo. Fokasi ya otomatiki hupenda kitu kilicho karibu chenye mstari mkali, na waya una sifa zote mbili. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itachagua waya kila mara, tena kwa furaha. Weka nukta moja, ile ndogo kabisa, na uiweke katikati ya jicho la wavu juu ya jicho la chui. Kisha fanya hivi: kabla ya kufokasi kwa mnyama, fokasi kwanza kwenye kitu kilicho nyuma yake, ukuta au shina la mti, halafu ndipo uhamie kwake. Lenzi ikianzia mbali na kuja karibu, inakutana na chui kabla ya kukutana na waya. Ikianzia karibu, inakutana na waya na kukwama hapo. Kama lenzi yako ina swichi ya kuzuia fokasi ya karibu, iwashe, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Kamera mpya zenye kutambua macho ya wanyama husaidia, lakini waya ukiwa bado mkali nazo huchanganyikiwa, kwa hiyo usizitegemee mpaka uwe umeuyeyusha waya kwanza.

Ikishindikana yote, zima otomatiki. Hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi, na nitakueleza kwa nini. Nilikaa wakati fulani saa mbili na nusu mbele ya kizimba cha chui. Alikuwa akizunguka, kama wanavyofanya paka wengi wakubwa walioko kizimbani: anatoka kwenye birika la maji, anapita kando ya ukuta, anapotea nyuma ya mwamba, anatokea upande wa pili. Mzunguko wa kwanza na wa pili nilimkimbiza kwa lenzi, nikapata waya. Wa tatu niliweka kamera chini nikamtazama tu. Kulikuwa na gogo limelala katikati ya kizimba, gamba lake limechanwa kwa kucha mpaka nyuzi za ndani zinaonekana, na kila alipolifikia aliweka mguu wa mbele wa kulia juu yake, akainua kichwa, akanusa hewa. Kila mara, mguu uleule. Nikafokasi kwa mkono kwenye lile gamba lililochanwa, nikaukuza mwonekano kwenye skrini mpaka nikaziona nyuzi moja moja, kisha nikaondoa mkono kwenye pete ya fokasi na kusubiri. Alipokuja nilipiga saba. Katika mbili macho yalikuwa yamefumba. Katika moja alikuwa ameinua uso kuelekea mwanga, na kwenye kila jicho palikuwa na nukta nyeupe ya anga. Waya haupo. Nikiitazama picha hiyo huwa nasahau kwamba kulikuwa na wavu kati yetu, na kusahau huko ndiko ninakokutakia.

Gogo hilo lilikuwa mbali na waya wa mbele na mbali na ukuta wa nyuma. Kila kizimba kina mahali pa namna hiyo, na kila mnyama ana mazoea yake. Mtunza wanyama anayajua. Muulize kwa heshima ni saa ngapi chui wake huamka na hupenda kukaa wapi. Saa za asubuhi na za jioni ndizo bora, wanyama wako macho na jua liko chini.

Kuhusu mipangilio mingine sitakuchosha. Acha f ibaki 5.6, na lenzi ibaki 300 au karibu na hapo hata kama mnyama mzima haingii; uso peke yake unatosha. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, iwe sekunde 1/500 akitembea, 1/250 akitulia kama lenzi yako ina kituliza mtikisiko. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande mpaka mwanga utoshe, kwa sababu chengachenga za ISO husafishika baadaye na waya hausafishiki. Flashi usiiwashe kabisa: itaangaza waya kabla ya kumfikia chui, na ni kero kwa mnyama asiye na pa kukimbilia. Usimpigie miluzi wala usigonge reli ili ageuke. Mnyama aliyegeuka kwa hofu anaonekana usoni, na picha yake haina raha.

Picha yako ya tatu, ya simu, inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu simu inafuata kanuni hiyohiyo lakini kwa upande wa pili. Tundu la lenzi kuu ya simu lina upana wa milimita 4 hivi. Pia yake ni nyembamba kuliko kalamu, kwa hiyo waya wa milimita 3 hauwezi kuyeyuka mbele yake. Ile hali ya simu ya kufifisha mandhari haikusaidii pia, kwa kuwa ukungu wake unatengenezwa na programu baada ya picha kupigwa. Waya uliokuwa mbele ya mnyama unabaki palepale, na kingo zake zinachafuka. Lakini udogo huohuo ndio faida yake: lenzi nzima ya simu inaingia ndani ya jicho moja la wavu. Mahali unaporuhusiwa kufika kwenye waya, weka lenzi katikati ya tundu na waya utakuwa umetoka nje ya picha kabisa. Funika lenzi za simu moja moja kwa kidole kwanza ujue ni ipi inayotumika, maana ukivuta picha mara mbili au tatu simu nyingine hubadili lenzi bila kukuambia. Bonyeza na ushikilie juu ya mnyama mpaka fokasi ifungwe. Nyuma ya reli ya mita moja, simu haina nafasi, iache mfukoni.

Umeuliza kuhusu programu. Kuna kazi mbili tofauti hapa, na mimi naikubali moja na kuikataa nyingine. Ya kwanza ni kuondoa ule moshi. Piga kwa faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, si JPEG, kisha kwenye kompyuta shusha weusi mpaka madoa ya chui yawe meusi tena, ongeza utofauti wa mwanga na giza taratibu, na pale palipopauka zaidi tumia brashi badala ya kubadili picha nzima. Picha yako ya kwanza, pamoja na mistari yake, itapona nusu kwa njia hiyo. Anza na ile nusu ya kulia.

Ya pili ni zile programu za akili unde zinazofuta waya zenyewe na kujaza kilichokuwa nyuma yake. Programu haijui kilichokuwa nyuma ya waya. Inabuni. Kwenye majani au ukuta, ubunifu huo hauniumizi sana. Lakini mpangilio wa madoa ya chui ni wake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Watafiti huwatambua chui mmoja mmoja kwa madoa yao kwenye picha zinazopigwa na kamera za mitego porini. Programu ikikujazia madoa manne pale palipokuwa na sita, aliye kwenye picha si chui yule tena, ni chui asiyekuwepo popote. Mimi siwezi kuweka jina langu chini ya picha hiyo, na wewe nakusihi usiweke la kwako, hasa ukiipeleka kwenye mashindano.

Kuhusu lenzi mpya: ya milimita 300 yenye f/4 ingekupa tundu la milimita 75, na ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 ingekupa 71. Ni nzuri, ni nzito, na ni ghali. Zinalishinda tundu lako la 54, lakini hazilishindi kivuli wala subira. Jifunze kwanza kwenye hii mpaka uifikie mwisho wake. Na kama katika bustani hiyo kuna wanyama wanaotenganishwa na watu kwa handaki badala ya waya, namna aliyoifungulia njia Carl Hagenbeck, Mjerumani mfanyabiashara wa wanyama, kwenye bustani yake ya Hamburg mwaka 1907, pitia huko kwanza ukazoeshe mkono na fokasi, kisha ndipo urudi kwa chui.

Nimebakiza neno juu ya picha ya tatu. Umeandika kwamba ni mbovu kuliko zote. Chui hayumo kwenye fokasi, ni kivuli cha dhahabu tu huko nyuma. Waya ndio mkali, na kwenye fundo la pili kutoka juu umenasa unywele wake, mfupi, mweusi ncha na mweupe shina, umepinda kwa upepo. Hapo ndipo anapojisugua shingo. Usiifute. Kata ukingo wa kulia wenye kibao cha maelezo, acha fundo likae theluthi ya juu, na chui abaki jinsi alivyo.